Printa ya leza: kuinunua si kazi, kazi kuilisha tona

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na printa ya leza ndo hivohivo. Bei ya dukani ni chambo tu. Kabla hujatoa hela uliza katriji ya tona ya hiyo printa, yaani kile kikasha cha unga unaotumika kama wino, inauzwaje na inatoa kurasa ngapi, halafu gawa. Kwa mfano katriji ni 6000 kwa hela yoyote unayotumia wewe, boksi limeandikwa kurasa 1500, basi kila ukurasa unakula 4, na hapo bado karatasi, bado umeme. Piga hesabu hiyo kwa printa mbili tatu unazozitamani, mara nyingi utakuta ile ya bei chee ndo mlafi kuliko zote. Angalia pia kama ina katriji kubwa, zile ambazo mara nyingi zinaandikwa X au XL, maana ukinunua unalia kidogo lakini kwa ukurasa inakuwa nafuu.

Sasa hizo kurasa 1500 nazo usizimeze nzimanzima. Kuna kiwango cha kupimia, ISO/IEC 19752 kwa printa za nyeusi na 19798 kwa za rangi, na ukurasa unaopigiwa hesabu ni kama barua ya kawaida, wino umefunika kama asilimia 5 tu ya karatasi. We unaprinti fomu zina vichwa vyeusi tii, ankara zina logo kubwa, picha za watoto, hiyo ni asilimia 10 au zaidi, katriji itaisha nusu ya safari na hakuna aliyekuibia.

Mimi kilichonikamata ni katriji iliyokuja ndani ya boksi la printa mpya. Nilijua nimepata tona nzima bure kumbe ni ya kuonja, zinajazwa kidogo tu za kuanzia, yaani sijakaa vizuri taa inawaka tona imeisha. Nikakimbia kununua nyingine, ile ya zamani nikatupa. Baadaye sana ndo nikaja kujua kwamba printa nyingi hazipimi unga uliobaki, zinakadiria tu kwa kuhesabu kurasa na nukta zilizochapwa. Kwa hiyo ujumbe wa tona kupungua ni ubashiri, siyo hukumu. Ukiuona usinunue, au nunua uweke kabatini, halafu endelea kuprinti mpaka uone maandishi yanapauka kwa macho yako. Yakianza kupauka toa katriji, ishike mlalo, itikise taratibu kushoto kulia mara tano sita ili unga ujisambaze, rudisha. Mimi siku hizi napata kurasa nyingi tu baada ya hapo. Kama printa inagoma kabisa ingia kwenye setingi zake, nyingi zina sehemu ya kuchagua tona ikipungua isimame au iendelee, chagua iendelee.

Dramu, yaani ile silinda inayozunguka na kubeba unga mpaka kwenye karatasi. Hapa watu wengi wanapigwa bila kujua. Kuna printa ambazo dramu na tona ziko kwenye katriji moja, ukibadilisha umebadilisha vyote, bei inakuwa juu. Nyingine dramu iko peke yake, tona inakuwa rahisi lakini baada ya katriji kadhaa dramu nayo inadai, na bei yake inaweza kukufanya ufikirie kununua printa nyingine, kwa hiyo iingize kwenye ile hesabu ya kugawa tangu mwanzo. Usiiguse kwa vidole na usiiache kwenye mwanga, mwanga unaiharibu.

Halafu kabla hujanunua tona kisa karatasi zinatoka vibaya, soma kosa lenyewe kwanza. Maandishi yamepauka, hiyo kweli ni tona. Doa linalojirudia kila baada ya umbali uleule, kuna kitu kinachozunguka kina kovu, mara nyingi dramu. Ukipitisha kidole wino unafutika, hapo unga haujaiva, ni ile sehemu ya kuchomea, inayoyeyusha unga kwa joto ushike karatasi, ndo haifanyi kazi vizuri au umeweka karatasi nzito na setingi imebaki ya karatasi nyepesi. Katriji mpya ya tona haitatibu hayo mawili ya mwisho, labda lile doa tu kama dramu iko ndani ya katriji hiyohiyo.

Katriji zisizo za kampuni iliyotengeneza printa? Kwa printa ya nyeusi mimi natumia na sina majuto, ila nunua moja kwanza uijaribu, usibebe kumi. Jua pia katriji zina chipu, na apdeti ya printa inaweza kuja usiku asubuhi ikaikataa katriji iliyokuwa inafanya kazi jana, ndo maana wengine wanazima apdeti za kujiendesha, ingawa hapo unakosa pia marekebisho ya usalama, uamuzi wako. Kujaza unga mwenyewe nyumbani sikushauri, unga wa aina tofauti unaweza kushika vibaya na ukivuja unachafua printa nzima ndani.

Ya rangi usinunue kama kazi yako ni maandishi tu bana. Ni katriji nne za kulisha, na baadhi zinagoma kuprinti nyeusi eti bluu imeisha.

Umeme siyo wa kutisha ila ile sehemu ya kuchomea inafika karibu nyuzi 200 za Selsiasi, kwa hiyo kila ikiamka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, usiichomeke kwenye yupiesi ndogo ya kompyuta, lile boksi la betri ya akiba. Na kusanya kazi uprinti kwa mkupuo, kwa sababu kila kazi moja moja dramu inazunguka mwanzo na mwisho hata kama ni ukurasa mmoja, inachakaa bure.

Unga ukimwagika, iwe mezani au kwenye shati, usipulize na usitumie vakyumu ya kawaida ya nyumbani, chujio lake halishiki unga mwembamba hivo, utausambaza chumba kizima. Futa kwa kitambaa chenye maji ya baridi. Ya moto hapana, tona ni plastiki iliyosagwa, ikipata joto inayeyuka na hilo shati ndo umeshaliprinti.