Kuchora mahali kwa udongo wake wenyewe

Mtu anayekwenda kukaa chini ya mti na boksi la rangi 24 ili autulize moyo, mara nyingi hurudi na kero mpya: kijani hakikufanana, anga limechafuka, karatasi imejikunja. Muda wote macho yalikuwa kwenye boksi, mti hakuuona. Dawa yake ni kupunguza rangi zibaki mbili au tatu, na zote zitoke kwenye ardhi ya mahali panapochorwa. Kuchimba, kuosha, kusaga na kupaka ni kazi za polepole zinazoshika mikono, na mikono ikishikwa, akili hupata pa kutua.

Kwamba kutazama miti kunasaidia, kumepimwa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Nusu walilala vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti, nusu dirisha lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walitumia dawa kali za maumivu mara chache. Upande wa mikono, mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kufinyanga, kuchora na kubandika karatasi. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa takriban robo tatu yao, na waliozoea sanaa hawakuwapita wasioizoea. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Kipaji si sharti. Sharti ni rangi isiyokutesa, na hapo ndipo wengi hukwama.

Udongo wa kuchukua

Rangi ya udongo inatokana hasa na chuma. Chuma kilichofungamana na maji hutoa njano na kahawia-njano. Kisicho na maji hutoa nyekundu, ileile ya ngeu ambayo maseremala hupigia mistari. Madini ya manganizi yakichanganyika humo, kahawia hukolea. Rangi hizi hazipauki kwa jua, ndiyo maana michoro ya mapangoni yenye umri wa maelfu ya miaka bado ni myekundu. Maji ya maua na majani yaache kwa kazi hii: siku ya kwanza yanapendeza, yakikaa kwenye mwanga hufifia.

Usichukue udongo mweusi wa juu. Weusi wake ni majani yaliyooza. Ukisagwa hutoa kijivu dhaifu na huota ukungu ndani ya kikopo. Tafuta palipokatika: kingo za mto, makorongo, pembeni mwa shimo lililochimbwa, au chimba kupita tabaka la mizizi, sentimita 30 au zaidi. Kichuguu kilichohamwa ni hazina, kwa sababu mchwa wameshakuchambulia chembe laini.

Pima papo hapo. Lowesha kidole, sugua udongo, kisha buruta kidole kwenye karatasi nyeupe. Ukikwaruza na kuacha alama hafifu, ni mchanga mtupu, uache. Ukiteleza na kuacha doa linalobaki hata baada ya kupangusa, chukua. Nusu kilo ya kila rangi yatosha, ingawa baada ya kuosha unaweza kubaki na vijiko vichache tu.

Kuna mahali pa kupita bila kuinama: kandokando ya barabara kuu, karibu na viwanda, migodi na majalala, na chini ya kuta za nyumba za zamani zilizopakwa rangi, ambako madini ya risasi, yenye sumu, huwa yamedondokea ardhini. Hifadhi na maeneo ya ibada usichimbe bila ruhusa. Ukishachukua, fukia shimo.

Kuosha

Kausha udongo, ponda mabonge, toa mawe na mizizi. Weka kwenye ndoo, mimina maji mara nne au tano ya ujazo wa udongo, koroga hadi yote yawe tope jepesi. Vipande vya mimea vitaelea, viengue.

Sasa acha kukoroga na uhesabu hadi 30. Tazama kwa ubavu kama chombo kinaonesha ndani. Mchanga hudondoka kwanza, unasikika kabisa ukigusa kitako. Juu yake maji hubaki yamevimba rangi, mazito kama moshi, yakizunguka polepole. Hiyo inayozunguka ndiyo rangi yako. Mimina maji hayo yenye rangi kwenye chombo cha pili taratibu, na simama mara tu utakapoona mchanga unataka kufuata. Rudia mara mbili au tatu, kila mara ukiacha mchanga nyuma. Ukikimbiza hatua hii utailipia baadaye, maana punje moja ya mchanga huchora mstari kwenye kila mpako wa brashi.

Acha chombo cha mwisho kitulie siku nzima au mbili. Maji yakiwa meupe juu, yamwage, na uji uliobaki chini utandaze kwenye sahani ukauke. Udongo wa karibu na bahari au sehemu ya chumvi uoshe mara tatu zaidi kwa maji safi; usipoosha, picha ikikauka itatoa unga mweupe juu. Maji ya tope usiyamwage kwenye sinki. Udongo laini huziba bomba kuliko unavyodhani. Rudisha nje, kwenye ardhi.

Kama umepata njano pekee na unataka nyekundu, usitafute mbali. Weka unga mkavu kwenye kikaango cha chuma ambacho hakitapikiwa tena, nje penye upepo, moto mkali, ukigeuza kwa dakika 20 hadi 40. Maji yaliyofungwa ndani ya chuma hutoka, na njano hugeuka nyekundu. Unga usiokauka vizuri hupasuka na kuruka, kwa hiyo kaa mbali kidogo. Na usihukumu rangi ikiwa ya moto: udongo wenye chuma huonekana mweusi-zambarau ukiwa motoni, kisha hurudi mwekundu ukipoa. Toa nusu kijiko, kipoze, ndipo uamue.

Gundi

Udongo na maji peke yake hupakika, lakini ukikauka hung'oka kwa kidole. Kinachoushika ni gundi ya mgunga, ambayo kwenye vifaa vya sanaa huitwa gamu arabiki. Chukua sehemu 1 ya unga wa gundi na sehemu 2 za maji ya moto, kwa ujazo. Mwaga unga juu ya maji, si maji juu ya unga, la sivyo utapata mabonge ya mpira. Acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Kisha kwa kila vijiko 4 vya gundi iliyoyeyuka ongeza kijiko 1 cha asali au gliserini, ili rangi ikikauka isipasuke na iamke upesi ikiguswa na brashi yenye maji. Matone mawili ya mafuta ya karafuu huzuia ukungu. Gundi hii iweke kwenye friji na uitumie ndani ya wiki chache. Ikianza kunuka, itupe.

Kusaga

Vaa barakoa unapoponda udongo mkavu. Vumbi lake lina silika, madini ya mchanga, nayo haina msamaha kwa mapafu. Ule wa kahawia iliyokolea una manganizi pia. Ukishalowa, hatari ya vumbi imekwisha.

Pitisha unga kwenye chekeche laini au kitambaa cha soksi nyembamba. Weka vijiko 2 vya chakula kwenye kipande cha kioo kinene, chimba kishimo katikati kama cha volkeno, na mimina kijiko 1 cha gundi. Changanya kwa kisu cha rangi, ongeza gundi kidogokidogo hadi upate uji mzito. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hunywa sana, huenda ukafika kiasi sawa cha gundi na unga. Kisha chukua kisagio cha kioo, au glasi nzito yenye kitako bapa, na usage kwa kuzungusha namba nane.

Kwa dakika tano za mwanzo utasikia mkwaruzo, kama viatu kwenye sakafu yenye mchanga. Endelea. Kila baada ya dakika mbili kusanya rangi katikati kwa kisu, ongeza tone la maji ikianza kunata. Mkwaruzo hushuka, huwa mnong'ono, halafu kioo huanza kuteleza chenyewe juu ya utando mwembamba na sauti hukatika. Dakika 15 hadi 30, kutegemea udongo. Wenye desturi ya sala au uradi huona mzunguko huu umekaa kama kuvuta tasbihi. Asiye na desturi hiyo na afuatishe pumzi, mzunguko mmoja kuvuta, mmoja kutoa. Simu iwe chumba kingine.

Kabla ya kuhifadhi, jaribu. Paka doa kwenye karatasi, likauke kabisa, kisha sugua kwa kidole kikavu.

Doa likitoka kama unga, gundi ni pungufu. Ongeza nusu kijiko, saga tena. Liking'aa kama limepakwa vanishi au likipasuka, gundi imezidi; ongeza unga. Likinata hata baada ya siku, ni asali nyingi, na hapo hakuna njia fupi, changanya na kundi jingine lisilo na asali.

Jaza kwenye magamba ya konokono wa baharini au vifuniko vya plastiki. Vya chuma hula kutu. Jaza theluthi, acha kivulini siku mbili, ongeza theluthi nyingine, hivyo hadi kijae. Ukijaza mara moja, juu hukauka kwanza na katikati hupasuka vipande. Jua pia hupasua.

Kikao cha kuchora

Rudi palepale ulipochimba. Beba karatasi ya pamba yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ukubwa wa daftari, iliyobandikwa ubaoni kwa utepe pande zote nne. Nyepesi zaidi ya hapo hujikunja ikilowa. Brashi moja ya duara namba 8, ya nyuzi za kutengenezwa, kwa sababu udongo hula ncha za manyoya ya bei. Chupa mbili za maji, moja ya kuoshea, moja safi. Kitambaa.

Dakika kumi za kwanza usishike brashi. Kaa, tazama kitu kimoja tu: shina, jiwe, kivuli kinachotambaa. Ukishindwa kuchagua, chagua kilicho karibu zaidi. Halafu finya macho mpaka maumbo madogo yapotee, uone mwanga, wastani na giza. Hivyo vitatu ndivyo utakavyochora, si majani mia moja.

Changanya rangi kwa uzito tatu: kama chai, kama maziwa, kama uji mzito. Kwa ule wa chai paka kila kitu isipokuwa penye mwanga mkali, ambapo karatasi hubaki nyeupe. Subiri ikauke, yaani ukigusa kwa mgongo wa kidole isiwe baridi. Kisha maziwa kwenye wastani na giza, subiri tena, mwisho uji kwenye giza pekee, na mahali pachache. Rangi ya udongo hukauka ikiwa nyepesi kuliko ilivyoonekana mbichi, kwa hiyo thubutu kuikoleza.

Kosa kubwa la hapa ni kusugua. Udongo huamka upesi ukilowa. Ukipitisha brashi mara ya tatu juu ya tabaka la chini utaling'oa na kubaki na matope ya rangi moja. Gusa mara moja, inua, acha. Chembe zikijikusanya kwenye vishimo vya karatasi na kuacha madoadoa, usizirekebishe: ndiyo sura ya udongo, na rangi za kiwandani huigiza hivyo kwa gharama.

Kijani kitakosekana. Wanaoanza hukereka kwa hilo kwa vikao viwili vitatu, kisha jicho huanza kupima mwanga badala ya kutafuta jina la rangi. Ukikosa kabisa giza, masizi yaliyosagwa kwa gundi ileile yatakupa jeusi. Masizi hukataa maji, hivyo yaloweshe kwanza kwa matone ya spiriti.

Simama dakika 45 zikifika hata kama picha haijaisha, na nyuma ya karatasi andika tarehe, saa, mahali ulipochimba na udongo upi umetumia. Kwenye vikopo pia andika. Baada ya mwezi njano tatu zinafanana zote, na ile unayoitaka itakuwa ndiyo uliyosahau ilikotoka. Picha ukitaka kuitundika, iweke nyuma ya kioo chenye fremu ya kadibodi katikati ili kioo kisiiguse, maana unyevu ukiingia udongo utahamia kwenye kioo.