Injini ya nitro ikichemka, usikimbilie sindano kwanza

Truki ya rimoti yenye injini ya nitro, ile ndogo inayokula mafuta ya methanoli na nitro, ikianza kuchemka wengi tunafanya kitu kilekile, tunachukua bisibisi, tunafungua sindano ya juu (skrubu ya kabureta inayopima mafuta ya kasi ya juu) mafuta yazidi, joto linashuka tunafurahi, kesho imechemka tena tunafungua tena. Mimi nilienda hivyo wiki mbili nzima na kila siku injini ilikuwa inazidi kuwa mbovu. Kumbe sindano haikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa oringi, yaani kipete cha mpira cha mfuniko wa tangi, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ukiiangalia hivihivi nzima kabisa, ukiikunja kati ya vidole viwili ndo unaona imefunguka.

Hii injini haina pampu ya mafuta. Kuna kampira kanatoka kwenye ekzosi kanaingia kwenye tangi, presha ya moshi ndo inasukuma mafuta yaende kabureta. Mfuniko ukivujisha presha, sailensi (injini ikinguruma bila kupewa resi) itakuwa sawa tu, mita za kwanza sawa, ila ukishikilia resi kwenye njia ndefu mafuta hayafiki ya kutosha na joto linapanda. Na kwenye nitro mafuta kupungua ni hatari mara mbili, kwa sababu oili imo humohumo kwenye mafuta, na methanoli inapogeuka mvuke ndani ya injini inaipoza. Kwahiyo mafuta yakipungua, ubaridi umepungua na ulainishaji umepungua kwa pamoja, pistoni inasuguana karibu kavu.

Sasa kabla ya kugusa bisibisi, pima. Elekeza kile kipima joto cha bastola pale plagi ilipo, juu katikati ya hedi (kichwa cha injini), sio pembeni kwenye mapezi ya kupozea maana pembeni patakudanganya, na pima mara tu gari inaporudi kutoka kwenye mbio, ukisubiri dakika moja namba hiyo haina maana. Injini nyingi zinakuwa na raha kati ya nyuzi 100 na 125 za Selsiasi. Ikipita 130 izime kwanza. Kama huna kipima joto, dondosha tone moja la maji juu ya hedi, likichemka taratibu kwa sekunde tatu nne hivi uko sawa, likiruka na kupotea hapohapo injini imezidi moto.

Ila namba peke yake haikwambii kitu, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Injini mbili zinaweza kusoma 115 zote, moja inatoa moshi mwembamba wa bluu inavuta vizuri, nyingine haina moshi kabisa na ikifika kasi ya juu inakuwa kama inakata. Hiyo ya pili ndo mgonjwa hata kama namba ni nzuri. Angalia moshi, sikiliza sauti, alafu ndo uangalie namba.

Baada ya hapo tafuta hewa inapoingilia. Angalia mpira wa mafuta kati ya tangi na kabureta wakati injini inanguruma, ukiona vipovu vinatembea humo basi kuna tobo mahali, mpira umepasuka au ule uzito wa kunyonyea mafuta ndani ya tangi umechomoka. Kagua kampira ka presha kama kamekunjika au kameyeyuka kwa kugusa ekzosi. Kagua shingo ya kabureta, gasketi ya kifuniko cha nyuma, na beringi ya mbele, mafuta yakiwa yanalowesha pale mbele ya injini, nyuma ya flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka), ujue huko kunapita hewa pia. Dalili kubwa ya hewa kuingia ni hii, unaachia gesi lakini injini inabaki juu inalia sekunde kadhaa ndo inashuka. Sindano ya chini, ile inayopima mafuta ya sailensi, ikiwa imefungwa sana nayo inaleta hivyohivyo, kwahiyo ukiweka hiyo sawa na bado inang'ang'ania juu, hiyo ni hewa.

Usisahau gari yenyewe. Zima injini, isukume kwa mkono. Breki ikiwa inashika, beringi za kengele ya klachi zikiwa zimejam, au gia zimekazana, injini inavuta mzigo muda wote na itachemka hata ukiweka mafuta kiasi gani. Nimeona mtu kahangaika na kabureta siku nzima kumbe breki tu haiachii.

Kama vyote hivyo viko sawa ndo uje kwenye sindano. Anza na ya juu, zungusha moja ya nane ya mzunguko tu kila mara, kimbiza gari, pima, ndo uzungushe tena. Kisha ya chini, iache injini sailensi alafu bana mpira wa mafuta karibu na kabureta, inatakiwa mizunguko ipande kidogo na izime baada ya sekunde mbili mpaka nne. Ikizima papo hapo mafuta ni machache, ikichukua muda mrefu mafuta ni mengi.

Na tafadhali usiiendeshe injini baridi ukidhani unaitunza. Slivu ya hizi injini, yaani silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka, imetengenezwa nyembamba kwa juu, pistoni inabanwa pale kileleni, ndo maana injini mpya ukiizungusha kwa mkono inakazana inalia kidogo. Ikipata joto slivu inatanuka na ule mbano unaachia. Sasa wewe ukiimwagia mafuta mengi ikae nyuzi 80, kila mzunguko pistoni inapita kwenye mbano na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozunguka) inavutwa bure, unaimaliza huku unaona unaihurumia.

Tuje kwenye injini kuisha. Mbano kupungua sio kifo, injini iliyotumika vizuri inapoteza mbano kidogo na bado inakimbia. Dalili ya kweli inakuja ikiwa moto, asubuhi inawaka mara moja, ikishapata joto inazima sailensi na haiwaki tena mpaka ipoe. Hapo kompresheni imekwisha, pistoni na slivu vimeachana, hakuna sindano itakayorudisha.

Chomoa plagi uiangalie kwa tochi. Waya wake uking'aa una unyevu, vizuri. Ukiwa umefifia rangi ya kijivu umepinda, injini imekuwa ikila mafuta machache. Ukiona vichembe vya chuma vimeng'ang'ania pale, simama hapohapo, usiiwashe tena, konrodi au beringi inatafunwa. Fungua kifuniko cha nyuma, shika konrodi kwa vidole, isogee kidogo kushoto na kulia juu ya pini yake, hiyo ni kawaida, lakini ikicheza juu na chini hata kwa kuhisi tu kwenye kidole, ibadilishe leo. Konrodi ikikatika kwenye kasi inaondoka na pistoni, slivu na mara nyingine bloku lenyewe. Zungusha krenki, ukihisi mchanga mchanga beringi ya nyuma ina kutu.

Mistari iliyosimama wima kwenye pistoni, utaiona kwa kuchungulia tundu la ekzosi, hiyo ni vumbi. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa kabureta, ukihisi chengachenga filta yako imepitisha. Sponji ya filta ioshwe na ipakwe oili yake kabla ya kila siku ya kukimbia, maana siku moja ya vumbi bila oili inatosha kumaliza pistoni mpya.

Ukibadilisha pistoni na slivu badilisha na konrodi kwa pamoja, kisha izoeshe injini upya ukiipa mafuta mengi lakini yenyewe ikiwa moto, karibu nyuzi 95 na kuendelea, kwa kuiwasha na kuipoza mara kadhaa. Kila ukiizima, zungusha flaiwili mpaka pistoni ikae chini kabisa ndo uiache ipoe, ikipoa ikiwa juu slivu inaibana palepale na siku ya pili utaanza kwa kuivuta kwa nguvu. Mwisho wa siku iache injini iunguruме mpaka imalize mafuta yote yaliyobaki, tia matone ya oili ya kuhifadhia ndani, izungushe mara chache, maana methanoli inavuta maji na maji hayo ndo yanaweka kutu kwenye beringi za krenki.