Kidole cha mguu kinauma? Kikague kwanza kabla hujameza dawa

Wengi wetu kidole kikianza kuuma tu tunakimbilia famasi kuchukua diklofenaki, jamani subiri kidogo, vua kiatu kaa kwenye mwanga, bonyeza taratibu ujue maumivu yako wapi hasa na yalianzaje.

Kama ni pembeni mwa kucha ya gumba, pamevimba na ukigusa unaruka, mara nyingi ni kucha imezama kwenye nyama. Inaletwa na kukata kucha fupi mno huku unazungusha kwenye pembe, au viatu vinavyobana mbele. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika 15 hivi, mara 3 kwa siku, kausha vizuri, shinda na ndala. Ikikua uikate imenyooka, usifuate mviringo wa kidole. Na tafadhali sana usikubali ichokonolewe saluni na kile kichuma kinachopita kwa kila mteja, kukiwa na usaha nenda zahanati wakaitoe kwa ganzi.

Sasa kama ulilala mzima halafu usiku wa manane kiungo cha gumba, pale linapoanzia, kinawaka moto, kimevimba kinang'aa, hata shuka likigusa unataka kulia, hapo fikiria gauti. Asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu inaganda vichembe vyenye ncha ndani ya kiungo, na bia, maini na nyama nyekundu nyingi zinaichochea. Inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kunywa maji, asubuhi nenda kapime. Majibu ya damu yanaweza kuonyesha kawaida wakati kidole bado kinauma, kwa hiyo usikate tamaa, kirudieni kipimo baada ya wiki 2 au zaidi. Hiyo diklofenaki inasaidia kweli ila mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha asijinunulie mwenyewe.

Umejikwaa? Kifunge na kidole jirani, katikati weka kitambaa laini. Kikiwa kimepinda, eksirei.

Mwenye kisukari yeye hayo ya kuloweka na kukata nyumbani aache kabisa, miguu yake inaweza kufa ganzi akaungua au akakatika asisikie, akiona kidonda hata kidogo kisichouma aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.