Kwa Nini Mavuno ya Mahindi Chotara Hayafai Kuwa Mbegu

Mkulima aliyevuna vizuri kutokana na mbegu chotara, yaani mbegu iliyozalishwa kwa kuchanganya wazazi wa nasaba tofauti, hushawishika kutenga magunzi makubwa kuliko yote, kuyaning'iniza juu ya jiko ili moshi uyakinge na wadudu, kisha kuyapanda msimu unaofuata. Kasoro huanza kuonekana mapema: mmea mmoja mrefu, wa pembeni yake mfupi, huu umeshatoa mbelewele na ule bado. Lawama hupelekwa kwenye mvua au mbolea, ilhali chanzo kimo ndani ya punje yenyewe.

Kila seli ya mmea wa mahindi ina kromosomu 20 zilizo katika jozi 10, na katika kila jozi kromosomu moja imetoka kwa mama, yaani mmea uliobeba gunzi, na nyingine kwa baba, yaani mmea uliotoa chavua. Juu ya kromosomu hizo zimepangika jeni, ambazo ni maagizo ya kutengeneza protini mbalimbali zinazoendesha maisha ya mmea. Kwa hiyo kila jeni ina nakala mbili, na si lazima zifanane.

Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho. Menya gunzi la mahindi meupe lililoota mpakani na shamba la mahindi ya njano, nawe huenda ukakuta punje chache za njano zimetawanyika katikati ya nyeupe. Kila uzi wa ndevu za mahindi hupeleka chavua kwenye punje moja tu, na nyuzi za punje hizo zilipokea chavua ya jirani. Ipo jeni inayotoa kimeng'enya, yaani protini inayochochea kazi za kikemia, cha kuanzisha utengenezaji wa rangi ya njano ndani ya punje. Nakala ya mahindi meupe haiifanyi kazi hiyo, lakini nakala moja iliyo nzima inatosha kuipaka punje yote rangi. Ukipanda punje hizo na mimea yake ikachavushana yenyewe kwa yenyewe, takriban punje moja kati ya nne itakuwa nyeupe. Weupe haukupotea, ulifunikwa tu.

Mavuno hutegemea jeni nyingi, ila kanuni ni hiyo hiyo. Mtafiti huchukua wazazi wa nasaba zilizo mbali ili udhaifu unaotoka upande mmoja ufunikwe na nakala nzuri ya upande wa pili. Mbegu chotara ya H611, iliyotolewa Kitale nchini Kenya mwaka 1964, ilitokana na kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ekuador. Ukirudia kupanda mavuno ya chotara, nakala huchanganywa upya. Katika chotara ya wazazi wawili walio safi, yaani ambao kwa kila mmoja nakala mbili za kila jeni zinafanana, karibu nusu ya jeni zilizokuwa na nakala mbili tofauti hubaki na za aina moja katika kila mmea, na udhaifu uliofunikwa hujitokeza. Kuchagua gunzi kubwa hakuokoi kitu. Mimea ya chotara ya namna hiyo inakaribiana mno kijeni, hivyo gunzi kubwa kuliko yote huenda limetoka tu kwenye mmea uliokuwa karibu na zizi, na samadi hairithiwi.

Anayetaka kujiwekea mbegu atumie mbegu mchanganyiko, yaani isiyo chotara, ambayo mimea yake huachwa ichavushane kwa uhuru, kama vile Staha, TMV-1 au Situka kwa Tanzania na Katumani kwa maeneo makavu ya Kenya. Uchaguzi ufanyike shambani, mimea ikiwa bado imesimama, kwa kuweka alama kwenye mimea yenye afya iliyozungukwa na mimea mingine pande zote, ili isiwe imenenepa kwa sababu ya nafasi tu. Magunzi yatoke kwenye mimea mingi, mia moja au zaidi ikiwezekana, kwa maana mbegu ya magunzi matano hupunguza aina za jeni na kurudisha udhaifu ule ule. Mimea yenye ugonjwa ing'olewe kabla haijamwaga chavua, kwani baada ya hapo imeshazaa katika shamba zima. Mistari ya pembezoni iachwe kwa chakula, na shamba liwe umbali wa mita 200 hivi kutoka kwa mahindi ya aina nyingine. Pasipo na nafasi hiyo, kubalianeni na jirani mpishane tarehe za kupanda kwa wiki tatu hadi nne, mkizingatia pia aina ipi huwahi kutoa mbelewele.