Somo: Aina nne za tishu ndani ya paja moja la mbuzi

Vijana wa sekondari mlioko Dodoma, somo hili linafanyika jikoni. Tishu ni kundi la seli zinazoshirikiana kazi moja. Mnyama ana aina nne: epithelia (ya kufunika), unganishi, misuli na neva (mishipa ya fahamu). Nunua paja la mbuzi lenye mfupa na kipande cha utumbo. Bucha ya mtaani inatosha. Ukifika mnada wa Msalato, moshi wa choma utakusahaulisha biolojia.

1. Pasua utumbo. Utando laini wa ndani ni epithelia: seli zimebanana, hazina mishipa ya damu. Ngozi ya juu ni jamii hiyohiyo.

2. Chambua nyama kwa sindano upate uzi mmoja. Huo ni msuli unaotii amri ya mnyama. Msuli wa utumbo hausubiri amri.

3. Hapa tulieni, ndipo wengi wanapopoteza maksi. Mafuta, utando mweupe unaofunika nyama, kano inayoshinda kisu, gegedu linaloteleza kwenye kiungo, mfupa wenyewe: zote ni tishu unganishi. Msiangalie sura. Seli zake zimeachana, na nafasi iliyo katikati imejazwa vitu. Kwenye kano ni nyuzi za kolajeni, aina ya protini. Kwenye mfupa ni kolajeni pamoja na madini ya kalisi na fosfeti. Kolajeni ikichemka muda mrefu hugeuka jelatini, ndiyo maana supu ya kongoro ikipoa inaganda.

4. Tenganisha misuli ya nyuma ya paja. Ukiona kamba nyeupe inapita katikati ya misuli bila kujishikiza kwenye mfupa, ni neva. Kano huwa imeshika mfupa.

Maswali ya wanafunzi

– Ticha, damu inamwagika, itakuwaje tishu?
Ni unganishi. Seli zinaelea kwenye plazma, yaani majimaji ya damu. Upekee wake ni kwamba protini nyingi za plazma hutengenezwa na ini, si na seli za damu.

– Moyo je?
Msuli. Una mistari kama wa paja, lakini haupokei amri yako.

– Kaka aliumia gegedu la goti mpirani, mbona haponi?
Gegedu halina mishipa ya damu, virutubisho hulifikia kwa kupenya polepole. Aende kwa daktari wa mifupa.

– Na kwato?
Ganda la nje ni zao la epithelia: seli zilijaa protini ngumu iitwayo keratini, zikafa.