Kabla ya kummaliza adui kwa uchawi wa kugusa

Ulizeni kwanza meza yenu inafuata kitabu gani. Katika toleo la 5 la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kitabu cha 2014, Inflict Wounds (uchawi wa kujeruhi kwa mguso) ni shambulio: unarusha dadu ya pande 20, ukimpata adui unarusha dadu 3 za pande 10 za madhara. Katika kitabu cha 2024 uchawi huohuo hauna shambulio tena; adui ndiye anayerusha ili kujiokoa, na pasipo shambulio hakuna pigo maradufu. Chill Touch, uchawi mwingine wenye neno "mguso" katika jina, imegeuka kinyume chake: zamani ilifika futi 120 licha ya jina lake, sasa ni ya kugusa kweli. Yanayofuata hapa ni ya 2014.

Toleo hilo halina kanuni maalumu ya kummaliza asiyejiweza. Kilichopo ni kwamba shambulio lolote linalompata aliyepooza au aliyezimia, mshambulizi akiwa ndani ya futi 5, ni pigo maradufu: dadu za madhara zinarushwa mara mbili ya idadi yake. Zile 3 za Inflict Wounds zinakuwa 6, wastani 33. Ukitumia nafasi ya uchawi (akiba inayotumika kila unapologa) ya ngazi ya 3, dadu 5 zinakuwa 10, wastani 55.

Lakini ni lazima limpate kwanza. Kupooza hakumvui mtu deraya. Kasisi wa ngazi ya 5 mwenye nyongeza ya +7 kwenye dadu akimwendea askari aliyepooza mwenye kinga 18 (jumla ambayo shambulio lazima liifikie), anahitaji 11 au zaidi. Kanuni inamruhusu kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa, na bado mara 1 kati ya 4 anakosa. Nafasi ya uchawi imekwenda hivyohivyo.

Panaporomoka zaidi kwenye zamu. Hold Person, uchawi wa kupoozesha, humpa adui jaribio la kujiokoa kila mwisho wa zamu yake, kwa hiyo ukimpoozesha sasa ukasubiri zamu yako ijayo ndipo umguse, huenda utamkuta amesimama anakungoja. Anayepoozesha atangulie, mguso ufuate kabla ya zamu ya adui, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Tazameni mpangilio wa zamu kabla ya kutumia chochote. Isitoshe, Hold Person inashika binadamu na viumbe wa jamii inayofanana nao tu; ghoul, ambaye ni mfu anayetembea, haimgusi.

Usimpe mtu mmoja Hold Person na Vampiric Touch (mguso wa kunyonya uhai) kwa adui yuleyule. Zote mbili zinadai umakini, ambao mtu huwa nao kwa uchawi mmoja tu kwa wakati, na ya pili ikianza, ya kwanza inakatika: adui anazinduka mkono wako ukiwa begani mwake. Inflict Wounds haidai umakini, ndiyo maana ni bora hapa.

Mkono nao. Kasisi mwenye ngao huku na rungu kule hawezi kufanya ishara ya Inflict Wounds. Alama takatifu iliyochorwa kwenye ngao haimsaidii, kwa sababu uchawi huu hauhitaji kitu chochote cha kushika mkononi ambacho alama ingeshika nafasi yake. Aangushe rungu kwanza (haigharimu kitu), au awe na War Caster, kipaji kinachomruhusu kufanya ishara mikono ikiwa na silaha au ngao.

Asiyetaka kusogea amtume mnyama aliyeitwa kwa uchawi wa Find Familiar apeleke mguso, awe ndani ya futi 100 na awe hajatumia tendo lake la kujibu (reaction) la mzunguko huo. Wengi huchagua bundi, ndege wa nuksi hata mezani, kwa vile anaruka na kuondoka bila kushambuliwa mgongoni.

Kwa aliyelazwa na Sleep, uchawi wa usingizi, hesabuni mguso mmoja tu: madhara yanamwamsha. Na kwa ambaye pointi zake za uhai zimefika sifuri na bado anapigania roho, kutumia nafasi ni ubadhirifu. Shocking Grasp, uchawi mdogo wa mguso usiotumia nafasi, ikimpata kwa karibu inamhesabia makosa 2 kati ya 3 yanayomuua, bure. Mkimtaka hai ahojiwe, mguso wa karibu unaruhusu kumzimisha badala ya kumuua, ila tamko litolewe palepale pigo linapomfikisha sifuri.