Kupogoa Miti na Kuvuta Trela Uingereza: Mwongozo kwa Ndugu wa Goma na Bukavu

Aliyekulia Goma ameiona chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ikishuka kutoka Kibumba ikiwa na magunia ya viazi au mbao za mkaratusi, mwenyewe amepiga goti moja ubaoni na mguu wa pili unakanyaga kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma. Hana karatasi yoyote ya uzito, lakini anajua gunia la mwisho likae wapi, maana likirudi nyuma kidogo usukani unakuwa mwepesi, na mteremko wa Kanyaruchinya hauna huruma na usukani mwepesi. Naanza na chukudu kwa makusudi. Ndugu zetu wanaoingia katika kazi ya kupogoa na kuangusha miti huku Uingereza huuogopa mti, na mimi pia niliuogopa, lakini wengi niliowaona wakikwama hawakukwamishwa na mti bali na uzito uliokuwa ukifuata nyuma ya gari. Hesabu ambayo mwenye chukudu anaibeba kichwani, huku imeandikwa kwa kilo katika sheria, na unaweza kuulizwa barabarani saa moja asubuhi kabla hujafika kwa mteja.

Jambo la kwanza halihusu gari wala mti, nami nitalipita haraka. Hakikisha kibali chako cha kuishi kinakuruhusu kujiajiri. Aliyekwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi anaruhusiwa. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi hata kama saa zake za kazi hazijaisha, na anayesubiri jibu la ombi la hifadhi haruhusiwi pia. Ukianza, na mapato yako kabla ya kutoa gharama yakapita pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, unatakiwa kujiandikisha HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, kufikia tarehe 5 Oktoba inayofuata mwisho wa mwaka huo, ambao hufungwa tarehe 5 Aprili.

Sasa permi, yaani leseni ya udereva. Kijana wa jirani yetu wa Himbi alifika huku na permi yake ya Kongo, akaniambia, "Yaya, mimi nimeendesha Fuso hadi Butembo, trela gani itanisumbua?" Nilimjibu kwamba barabara ya Butembo imemfundisha mengi, lakini permi yake ina muda. Permi ya Kongo inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu siku ulipohesabiwa kuwa mkaazi. Kongo haimo katika nchi ambazo leseni zao hubadilishwa moja kwa moja kuwa ya Uingereza, hivyo muda huo ukiisha unaanza mwanzo: leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia, kisha mtihani wa barabarani. Mtihani wa nadharia, tangu 2014, haufanywi kwa lugha za kigeni wala kwa mkalimani, kwa hiyo asiyejiamini kwa Kiingereza aanze kusoma mapema, asingoje mwezi wa kumi na moja wa muda huo. Nyongeza moja ambayo wengi huijua wakiwa wamekwisha kuchelewa: ukifanya mtihani kwa gari la gia za otomatiki, leseni yako itakuwa ya otomatiki tu, ilhali matipa mengi yaliyotumika, yale ambayo mtu anayeanza anaweza kuyanunua, ni ya gia za mkono.

Ukishapata leseni ya kawaida ya gari dogo, habari ni njema kuliko utakavyosimuliwa na wakongwe wa kazi. Zamani aliyefaulu mtihani kuanzia tarehe 1 Januari 1997 alihitaji mtihani wa pili ili avute trela nzito, na bado utakutana na watu wanaokushauri utafute fedha za mtihani huo. Ulifutwa tarehe 16 Desemba 2021. Leo leseni ya kawaida inakuruhusu kuendesha gari lenye uzito wa juu usiozidi kilo 3,500 na kuvuta trela yenye uzito wa juu usiozidi kilo 3,500. Haya ni ya England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.

Hata hivyo, leseni ikikuruhusu, gari lenyewe linaweza kukataa. Fungua mlango au boneti utafute kibati cha kiwandani chenye namba ya chesisi. Kwa kawaida kina mistari minne ya kilo. Wa kwanza ni uzito wa juu wa gari likiwa na mzigo na watu. Wa pili ni uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja. Wa tatu na wa nne ni uzito ambao ekseli ya mbele na ya nyuma zinaweza kubeba. Kama mstari wa kwanza ni 3,500 na wa pili ni 5,500, basi gari likiwa limejaa lina nafasi ya kuvuta kilo 2,000 tu, hata kama leseni yako inaruhusu zaidi. Kama mstari wa pili haupo, au umeandikwa sifuri, gari hilo halikutengenezwa kuvuta kitu, na muuzaji anayekuambia kwamba kiungo cha kuvutia kinafungwa kwa nusu saa anakuuzia kesi. Kumbuka pia kwamba sheria hutazama uzito wa juu ulioandikwa kwenye trela, hata siku unayoivuta ikiwa tupu, pale inapouliza leseni gani unahitaji. Bali inapouliza kama umepakia kupita kiasi, inatazama mzani.

Hapo kwenye mzani ndipo nilipoangukia mimi. Tipa yangu ina ukomo wa kilo 3,500. Ikiwa tupu, pamoja na sanduku la kubebea, ina 2,450. Watu watatu, misumeno, kamba na mafuta vinakula karibu 380. Zinabaki 670, na hizo ndizo zote unazoweza kuondoka nazo bustanini kwa mteja. Sanduku langu linaingiza mita za ujazo nne, na chenga mbichi za matawi yaliyosagwa kwa mashine, kwa makadirio ninayoyatumia, huwa kilo 300 kwa kila mita ya ujazo. Fanya hesabu mwenyewe: sanduku likijaa ni kilo 1,200, yaani likipita nusu kidogo tu umekwisha kuvunja sheria, na macho hayakwambii kitu kwa sababu chenga ni laini na zinaonekana nyepesi kama pumba. Siku moja ya mvua ya Novemba nilijaza sanduku mpaka juu, nikasimamishwa, tukapimwa 3,890. Ziada hiyo inapita asilimia 11. Nililipa faini, na zaidi ya faini nilikatazwa kuondoka hadi uzito ushuke, kwa hiyo nilimpigia simu rafiki mwenye gari lingine, tukahamisha chenga kwa sepetu kando ya barabara hadi jioni. Magogo ni mabaya zaidi: mwaloni mbichi unakaribia tani moja kwa mita ya ujazo, kama mkaratusi wetu uliokatwa leo.

Kuhusu trela yenyewe, hesabu ya chukudu inarudi kama ilivyo. Mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli, ili shingo ya trela ikandamize tufe la chuma la gari linaloshika trela kwa kiasi ambacho kiwanda kimeandika. Ukiwekwa nyuma ya ekseli, shingo inainuka, gari linapoteza mshiko wa magurudumu ya nyuma, na trela inaanza kuyumba mara unapofika maili 50. Uzito huo wa shingo unahesabiwa ndani ya mzigo wa gari, jambo ambalo watu husahau, na unaweza kuizidisha ekseli ya nyuma wakati jumla ya gari bado iko salama.

Trela isiyo na breki zake haipaswi kuzidi kilo 750, wala nusu ya uzito wa gari likiwa tupu, ile ndogo kati ya hizo mbili. Ndiyo sababu mashine nyingi ndogo za kusaga matawi zinatengenezwa zisipite 750. Kuanzia hapo kwenda juu breki ni lazima, pamoja na waya mwembamba wa chuma unaofungwa kwenye gari ili trela ikichomoka waya uvute breki kabla haujakatika. Usiuzungushe waya huo kwenye tufe kwa uvivu ikiwa gari lina tundu lake maalumu. Nyuma ya trela pawepo namba ya gari linaloivuta, taa zinazofanya kazi na pembetatu mbili nyekundu za kuakisi mwanga. Mwendo wa juu ni maili 50 kwa saa katika barabara ya kawaida isiyogawanywa kwa kizuizi katikati, na 60 katika barabara iliyogawanywa na barabara kuu (motorway). Katika barabara kuu yenye njia tatu au zaidi, njia ya kulia kabisa si yako. Sisi tuliozoea kuendesha kulia tukubali kwamba kurudisha trela kinyumenyume ukiwa upande wa kushoto wa barabara hujifunzwa kwenye uwanja mtupu wa Jumapili, wala si mbele ya geti la mteja anayekutazama dirishani.

Kuna karatasi mbili ambazo gari dogo lisilovuta trela halizihitaji, lakini likivuta huenda zikatakiwa. Gari na trela zikijumlishwa uzito wa juu ukapita kilo 3,500, biashara inaweza kuhitaji leseni ya uendeshaji wa magari ya mizigo, isipokuwa trela tupu iwe chini ya kilo 1,020, kwa kuwa hiyo haihesabiwi. Kwa hiyo trela ndogo inakuponya. Ukitamani mashine kubwa ya kusaga, iulize ofisi ya Kamishna wa Usafirishaji kabla ya kulipa. Karatasi ya pili ni ya takografu, kifaa kinachorekodi saa za dereva. Nayo huanza kilo 3,500 zinapopitwa, lakini unasamehewa ikiwa gari na trela havizidi kilo 7,500, unabeba vifaa vya kazi yako mwenyewe, hutoki zaidi ya kilomita 100 kutoka kituo chako, na udereva si kazi yako kuu. Siku utakapoanza kupeleka magogo kwa wateja wa kuni, msamaha huo usiutegemee.

Mti nao una wenyewe. Nyumbani, mkaratusi ulio kwenye shamba lako unauangusha siku unapohitaji mbao. Huku mti ulio bustanini kwa mtu unaweza kuwa umelindwa na halmashauri kwa amri ya kuhifadhi mti, na kuukata bila ruhusa ni kosa la jinai ambalo faini yake haina kikomo, nalo linamhusu mwenye nyumba pamoja na aliyeshika msumeno. Katika maeneo ya hifadhi ya majengo ya kale, hata mti usio na amri unahitaji taarifa ya wiki sita kwa halmashauri ikiwa shina lake linazidi milimita 75 likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, takriban unene wa chupa ya bia ya Primus. Mteja akikuambia amekwisha kuuliza, mwombe barua. Kati ya Machi na Agosti tazama viota kabla ya kuwasha mashine, kwani kiota kinachotumika kinalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981, na popo wanalindwa mwaka mzima pamoja na matundu wanamolala.

Mjomba wangu wa Kibumba hupanda mti kwa kamba moja na panga, na sijaona anayeukata kwa ustadi kumpita, lakini kampuni ya bima haitauliza ustadi. Itauliza cheti cha kutunza msumeno wa mnyororo na kukata ukiwa chini, kisha cha kupanda kwa kamba na kumwokoa mwenzako aliyekwama juu, kisha cha kutumia msumeno ukiwa umening'inia. Kamba, mikanda na ndoano za kupandia zikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi sita na taarifa ya maandishi itunzwe. Ukimwajiri hata kijana mmoja wa kulisha mashine, sheria inadai bima ya mwajiri ya angalau pauni milioni 5, na kukosa bima hiyo kunaweza kukugharimu hadi pauni 2,500 kwa kila siku. Tena usiondoke na matawi ya mteja kabla ya kujiandikisha kuwa msafirishaji wa taka. Kwa England, anayebeba taka za kazi yake mwenyewe tu, zisizo za ujenzi, huandikishwa bure.

Ukimaliza kufunga sanduku na vifaa vyote, peleka gari kwenye mzani wa umma. Machimbo ya kokoto na wanunuzi wa vyuma chakavu huwa nao, na hutoza pauni chache. Pima watu wakiwa wamekaa ndani, tangi likiwa limejaa na mashine ya kusaga ikiwa imeungwa nyuma. Kisha pima tena ekseli ya nyuma peke yake. Tunza tiketi hiyo garini. Mimi nilitoa uzito wa gari lenyewe kwenye ukomo wa kibati, nikaigawa kwa kilo 300, na ndani ya sanduku nikachora mstari mweupe wa rangi pale hesabu ilipoishia, chini sana kuliko nilivyotarajia. Chenga zikiufikia mstari, kijana anayelisha mashine ananipigia mluzi, nami nazima.